Mkanda wa Taimingi: Lini Uufungue Uani Kwako, Lini Uuache

Maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wamiliki wa magari binafsi, siku ya wazi ya karakana ya Halmashauri.



Sikupewa nafasi hii kwa sababu ya ufundi. Nilisomea mawasiliano kwa umma, na kazi yangu ya kila siku ni kuandika taarifa za maji, barabara na zahanati. Nimeitwa kwa kuwa nimewahi kubadilisha mkanda wa taimingi wa gari langu mwenyewe, uani kwangu, na katika kazi ile nilikosea. Fundi Mkuu aliona ni vyema kosa hilo lisimuliwe na aliyelitenda.

Nianze na kazi ya mkanda wenyewe. Ndani ya injini kuna kranki, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Ndiyo sababu puli ya kamshafti ina meno mara mbili ya puli ya kranki. Kinachozifungamanisha shafti hizo ni mkanda wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, wenye meno upande wa ndani. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe, kwa hiyo umri wa mkanda huhesabiwa kwa kilomita na kwa miaka pia. Kwa magari mengi ya Kijapani, kipimo kilichozoeleka ni kilomita 100,000.

Si kila gari lina mkanda huu. Wenye IST na Vitz za injini ya 1NZ mnaweza kuendelea kunywa chai yenu kwa utulivu, kwa sababu injini hizo hutumia mnyororo. Maneno yangu yanawahusu wenye Corolla 110, Carina za injini za 4A na 5A, RAV4 za mwanzo na Noah zenye injini ya 3S, na kwa namna ya pekee wenye Subaru Forester za injini ya EJ20.

Mwaka wa pili baada ya kununua Corolla 110, yenye injini ya 5A, nilikuwa nikirudi kutoka kijijini na mke wangu na mtoto mgonjwa. Injini ilizimika ghafla, bila mlio wala moshi. Nilipojaribu kuwasha, starta ilizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kana kwamba injini imekuwa tupu. Tulimfikisha mtoto zahanati kwa pikipiki. Gari lilivutwa hadi gereji moja, ambayo sitaitaja, na huko nikaelezwa kwamba mkanda umekatika, valvu zimegonga pistoni, injini imekwisha, na dawa ni kununua injini nyingine ya mtumba. Bei niliyotajiwa ilikuwa karibu sawa na akiba yote tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kuezeka nyumba.

Nilikuwa tayari kulipa. Aliyenizuia ni fundi mzee wa mtaani kwetu, ambaye aliniuliza swali moja tu: “Wamefungua hedi wakaona?” Hawakuwa wamefungua chochote. Akanieleza jambo ambalo kila mwenye gari angepaswa kulijua kabla mkanda haujakatika. Zipo injini ambazo valvu ikibaki wazi na pistoni ikapanda hadi juu, haviguswi. Nafasi ya kupishana ipo. Injini za 4A-FE, 5A-FE na 3S-FE zinazotembea katika barabara zetu ni za namna hiyo. Na zipo injini ambazo valvu na pistoni hutumia nafasi ileile kwa zamu, na zamu ikivurugika hugongana. Injini za dizeli ziko katika kundi hilo, na Subaru nyingi za EJ20 pia. Injini yangu haikuwa imekufa. Ilihitaji mkanda mpya tu.

Basi niliamua kuufunga mwenyewe, nikisaidiwa na mdogo wangu.

Hatua za mwanzo ni za nguvu na subira. Betri hutolewa waya, gurudumu la mbele kulia huondolewa, na gari hukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake si ya kuaminiwa mtu akiwa na kichwa chini ya gari. Mikanda ya nje hutolewa, ule wa jenereta na wa pampu ya usukani. Plagi hutolewa pia ili injini izunguke kwa urahisi kwa mkono. Injini huegemezwa kwa jeki yenye kipande cha ubao chini ya sampu ya oili, ndipo mauntini ya kulia ifunguliwe. Bolti ya puli ya kranki ilituchosha kuliko kazi nyingine zote za siku ile. Msiilegeze kwa kupiga starta, kama wengine wafanyavyo: spana ikikuponyoka huna mkono tena.

Kabla mkanda wa zamani haujatoka, kranki huzungushwa kwa spana kufuata mwelekeo wa saa hadi alama yake ifike kwenye sifuri, na tundu dogo la puli ya kamshafti lielekeane na alama iliyo kwenye kofia ya beringi. Alama ya kamshafti ikiwa upande wa pili, zungusha kranki mara moja zaidi. Mimi niliongeza alama zangu kwa rangi nyeupe ya kucha ya mke wangu, na hilo ndilo jambo la busara pekee nililolifanya asubuhi ile. Tenshena ikitoka, izungusheni kwa kidole. Ikinguruma, beringi imekwisha, inunuliwe mpya. Tazameni na sili za kranki na kamshafti, maana oili inayovuja hapo huuharibu mkanda mpya kabla ya wakati wake.

Sasa nifikie kosa langu. Mkanda mpya una upande wa kuvuta, usio na tenshena, na upande wa kulegea, wenye tenshena. Upande wa kuvuta lazima uwe umekaza tangu unapovishwa. Mimi niliuacha na ulegevu kidogo. Nilipoiachia springi ya tenshena, ilinyonya ulegevu ule, na kamshafti ikasogea kwa jino moja. Kwa macho, kila kitu kilionekana sawa. Kitabu kilitaka, kabla ya kuwasha, tuzungushe kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kukagua alama upya. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, majirani wamejaa uani, na mdogo wangu akasema, “Kaka, washa tu, watu wanasubiri.” Nikawasha.

Gari liliwaka, ila lilitetemeka na halikuwa na nguvu hata ya kupanda mlango wa ua. Tulilazimika kufungua kila kitu kesho yake. Tulipozungusha kranki mara mbili kwa mkono, alama ya kamshafti ilisimama jino moja pembeni ya mahali pake. Kulipa kosa lile kulinigharimu Jumapili moja. Lingetokea katika injini ya kundi la pili, kwa meno mawili au matatu zaidi, starta ingepinda valvu kabla sijatoa mguu kwenye kanyagio.

Mizunguko ile miwili huchukua nusu dakika. Mkihisi kizuizi kigumu katikati ya mzunguko, msilazimishe. Pistoni imeigusa valvu, na mkono wenu bado haujaharibu kitu.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mwenye 4A, 5A au 3S, mwenye kitabu cha gari, vifaa kamili na siku mbili asizozihitaji kwa jambo jingine, anaweza kuifanya kazi hii nyumbani. Mwenye Forester, namsihi asijaribu kwa mara ya kwanza katika gari lake. Zile zenye kamshafti nne, springi za valvu husukuma kamshafti zigeuke mara tu mkanda unapotoka, na kazi ya kuzirudisha inahitaji mtu aliyeiona ikifanywa.

Nimeulizwa pia kuhusu gari la wagonjwa. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ nayo ina mkanda, mfupi, ambao fundi huufikia bila hata kugusa puli ya kranki. Kwa wepesi wa kazi ndio rahisi kuliko wote niliowataja. Lakini ni dizeli, na mkanda wake ukikatika njiani gari halifiki. Taa ya T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi, gari hilo halisubiri wiki ijayo.

Mlionunua gari la mtumba hivi karibuni, fungueni boneti leo. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika karatasi ndogo yenye kilomita na tarehe ya kubadilisha mkanda. Msomeni tarakimu hata kama maandishi hamyaelewi, mlinganishe na kilomita za sasa. Karatasi isipokuwepo, hesabuni kwamba mkanda haujawahi kuguswa.

Oili na maji ya rejeta mtakayomwaga yasiende kwenye mtaro. Mtaro huo ndio unaoteremka hadi mtoni tunakochota. Yakusanyeni kwenye dumu lenye mfuniko, na muulizeni Afisa Mazingira wa kata pa kuyapeleka.

Mkanda wangu uliokatika uko pale mezani, karibu na Fundi Mkuu. Njooni mtazame nyufa za kwenye meno yake. Kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kuufunua kifuniko nikazitazama.