Sarufi Gerezani



Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi, nanyi wahitimu mnaovumilia majoho kwenye jua hili: kwaya imeimba vizuri na imekula muda wangu, kwa hiyo nina neno moja tu.

Mnaondoka na Kiyunani na Kiebrania. Kiebrania ndicho kitakachotangulia kuwatoka, wala si kwa uvivu. Jumatatu kuna msiba, kesho yake kamati ya ujenzi. Ifikapo Jumamosi usiku unahangaika na mahubiri, na kitabu cha sarufi kimefunikwa na risiti za mabati.

Mkumbukeni William Tyndale. Mwaka 1526 alichapisha Agano Jipya kwa Kiingereza kutoka Kiyunani. Mwaka 1530 akatoa vitabu vitano vya Musa kutoka Kiebrania. Mwaka 1535 akakamatwa na kufungwa katika ngome ya Vilvoorde, karibu na Brussels. Barua yake moja ya humo gerezani imesalia. Anaomba kofia nzito, maana mafua yanamtesa. Anaomba taa, kwa kuwa kukaa gizani peke yake jioni kunamchosha. Na kuliko hayo yote, anaomba Biblia ya Kiebrania, kamusi, na sarufi. Sarufi! Mtu ambaye Torati yake imeshachapishwa miaka mitano nyuma! Mwaka 1536 wakamnyonga, wakamchoma moto.

Basi mchungaji asione haya kurudia vitenzi vya mwaka wa kwanza. Mistari mitano alfajiri, kabla simu hazijaanza kuita, inatosha. Mkipangiwa vituo vya jirani, someni pamoja. Hata mmisionari Krapf, alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, aliketi na kadhi.

Na mimbarani je? Hapo nawaomba mnyamaze. Mama aliyefiwa na mwanawe, akatembea kilomita kadhaa kuja ibadani, hakuja kusikia mnavyotamka Kiyunani. Ana haki ya kuhubiriwa na mtu aliyekaa na andiko lile mpaka likamsumbua, na si lazima ajue mlikaa nalo vipi. Wazee wa usharika wakiuliza mbona mchungaji hajapokea simu saa kumi na mbili asubuhi, waelezeni kwa heshima kwamba alikuwa kazini.

Hongereni sana.