Miavuli kwa Raia

Wasikilizaji wa Tabata, Dar es Salaam, ambao aghalabu huwaona askari wetu wakishuka kwa miavuli katika sherehe za taifa, yafaa wajue kwamba ilimu hiyo, iliyokuwa takriban milki ya majeshi, ilifunguliwa mlango Marekani mwaka 1959, Jacques-André Istel, mzaliwa wa Paris, alipoanzisha kituo katika mji mdogo wa Orange, Massachusetts, ambako raia asiyewahi kuruka alifundishwa kwa saa chache, kisha akaruka na mwavuli uliofunguliwa na ukanda uliofungwa ndegeni. Leo Diani, pwani ya Kenya, mgeni huruka amefungwa kwa mkufunzi wake. Nasi tuna anga na askari hodari. Wenye mamlaka na wawafungulie vijana wetu mlango huo, kwa kanuni madhubuti za usalama.