Ng'ombe wa Gari na Haki Yake

Msikilizaji, baada ya habari, tumtazame ng'ombe wa gari. Kizimbani, kama kwengine shamba Unguja, bado anavuta mchanga, mawe na nazi. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini mifugo si jambo la Muungano. Kwa hiyo sheria ile haivuki bahari kuja kwetu.

Sasa, mwenye gari atakwambia riziki ya wanawe imo kwenye mzigo huo. Kweli, lori lina gharama. Ila kisa cha hadithi, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, tumekisikia tangu chuo cha Kurani. Huruma hii kwa wanyama hatukuletewa na watalii. Mimi naona mzigo uwekewe kikomo, na nira inayochubua ivuliwe.

Tujiulize basi: jua la saa saba likiwaka, nani atamsimamisha mwenye gari, na nani atamfidia riziki atakayoikosa?