Breki Zinapolia

Dereva mwenye busara asikiapo breki zikilia hasemi, "Zitanyamaza." Mlio wa asubuhi baada ya mvua ni kutu nyepesi juu ya diski, hutoweka breki zikanyagwapo mara chache. Lakini mlio mkali usiokoma huonya kwamba pedi zakaribia kwisha, na mkwaruzo ni chuma kisagacho chuma. Gari la namna hiyo lisiteremke Mai Mahiu. Lisimamishwe, fundi afungue magurudumu. Pedi zilizobaki unene wa milimita 3 zibadilishwe, za kushoto na za kulia pamoja, gari lisije likavuta upande. Wala pedi zisipakwe mafuta zinapogusa diski: kelele itakoma, na breki hazitashika. Kawia ufike.