Kinga Inapoligeukia Ini: Vyanzo, Tiba na Wajibu Wetu

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya matabibu, wauguzi na wafamasia

1. Utangulizi



Naomba nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mama ntilie wa miaka 34. Macho yalikuwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, na vidole vilimuuma kila asubuhi. Kipimo cha homa ya ini B hakikuonyesha kitu, cha C vivyo hivyo. Pombe hanywi. Nikamwambia ni homa ya ini ya kupita, apumzike na ale vizuri. Manjano yakapungua, naye akarudi kwenye masufuria yake. Baada ya miezi mitano alirudi tumbo limejaa maji na miguu imevimba.

Nilipofungua faili nikaikuta karatasi ya maabara ya siku ile ya kwanza: protini ya jumla gramu 98 kwa lita, albumini gramu 27. Ukitoa, zinabaki 71. Kwa mtu mzima mwenye afya, tofauti hiyo kwa kawaida haizidi 40 hivi. Jibu lilikuwa mezani kwangu, sikupiga hesabu ya kutoa.

Hoja ya mada hii ni moja. Homa ya ini inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia ina tiba ya vidonge vya siku nyingi, tunavyovifahamu. Inaua zaidi kwa sababu tunachelewa kuifikiria, na kwa sababu dawa huachwa mapema.

2. Ugonjwa wenyewe

Zile gramu 71 ni globulini, na sehemu kubwa yake ni kingamwili za aina ya IgG. Mwaka 1950 daktari wa Sweden, Jan Waldenström, alieleza habari za wanawake vijana waliokuwa na homa ya ini sugu na globulini nyingi kupita kiasi. Mwaka 1956 Ian Mackay na wenzake wa Australia waliuhusisha ugonjwa huo na lupasi, kwa kuwa damu ya baadhi ya wagonjwa ilikuwa na alama zake. Baadaye ilibainika kuwa ni magonjwa mawili tofauti, ingawa yote mawili yanatokana na kinga kukosea adui.

Ndugu zake ni wawili. Mmoja hula vijifereji vidogo vya nyongo ndani ya ini. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, na dalili yake kubwa ni uchovu na kuwashwa mwili bila kipele kuonekana. Wa pili huziba mifereji mikubwa ya nyongo kwa makovu. Huwapata zaidi wanaume na mara nyingi huandamana na vidonda vya utumbo mpana. Leo nitakaa zaidi kwenye ule unaoshambulia seli za ini zenyewe.

Huu nao hupenda wanawake, lakini mwanamume, mtoto na mzee hawajasalimika. Aina ya kwanza huonekana katika umri wowote. Aina ya pili huwapata zaidi watoto, na mwendo wake ni mkali.

3. Vyanzo

Chanzo kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole hakipo. Huhitajika mambo mawili yakutane: mwili wenye mwelekeo wa kurithi, na kichokozi.

Mwelekeo huo umo hasa katika vinasaba vinavyoisaidia kinga kutofautisha kilicho chake na kigeni. Ndiyo maana mgonjwa huyu au ndugu zake huweza kuwa na tatizo la tezi ya shingo, kisukari cha utotoni au baridi yabisi. Tukichukua historia, tuulize na ya ukoo.

Kichokozi chaweza kuwa virusi, lakini kwa semina hii ningependa tuangalie dawa. Nitrofurantoini ya njia ya mkojo na minosaiklini ya chunusi zinajulikana kwa kuamsha hali hii. Methildopa na haidralazini, tunazowapa wajawazito wenye shinikizo la damu, nazo zimo kwenye orodha. Sisemi tuziache, kwani zimeokoa akina mama wengi. Nasema mama aliye kwenye dawa hizo akigeuka manjano, dawa iulizwe kabla ya kulaumu ujauzito. Madaktari wa Uingereza wameripoti pia wagonjwa watafunaji wa miraa, au mirungi, ambao ini lao lilionekana kushambuliwa kwa namna hii hii. Kwa hiyo swali la mirungi, na la dawa za mitishamba, liulizwe bila kumhukumu mtu. Akihisi anahukumiwa atatuficha.

Familia ziambiwe waziwazi: ugonjwa huu hauambukizi, na mgonjwa hatengewi kikombe wala sahani.

4. Kuutambua

Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza shauri. Vigezo vilivyorahisishwa mwaka 2008 vina nguzo nne: kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, kiwango cha IgG, sura ya kipande cha ini kilichochukuliwa kwa sindano, na kutokuwapo kwa homa ya ini ya virusi.

Najua wengi wetu nguzo hizo hatunazo vituoni. Lakini protini ya jumla na albumini hupimwa katika hospitali nyingi, na tofauti yake ni dokezo zuri. Ni dokezo tu, maana globulini hupanda pia kwa VVU, kifua kikuu na maambukizi mengine ya muda mrefu. Tofauti ikiwa kubwa, vimeng'enya vya ini vikiwa juu na virusi vya B na C havipo, mgonjwa apewe rufaa wiki hiyo hiyo. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hugunduliwa ini likiwa tayari na makovu makubwa.

5. Tiba

Majaribio yaliyofanyika London na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalionyesha kuwa steroidi hupunguza sana vifo kwa wagonjwa wenye hali mbaya. Hadi leo msingi ni ule ule. Wengi huanza na prednisoloni, nusu miligramu hadi moja kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Baada ya wiki mbili hivi, manjano yakishapungua, huongezwa azathioprini, na prednisoloni hushushwa taratibu. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu kubwa.

Kabla ya kidonge cha kwanza, tupime homa ya ini B, VVU na kifua kikuu, na tutibu minyoo. Steroidi huviamsha virusi vya B vilivyolala, na mnyoo strongiloidi huweza kutapakaa mwilini na kuua. Azathioprini hushusha chembe za damu, hivyo picha ya damu ipimwe mara kwa mara. Wafamasia, hapa pana kazi yenu: mgonjwa wa azathioprini akiletewa alopurinoli kwa ajili ya gauti, msitoe kabla ya kuzungumza na daktari. Dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuua uboho.

Wasiostahimili azathioprini wana mikofenoleti, ila haifai kwa mwanamke anayetarajia ujauzito. Ugonjwa wa vijifereji vidogo hutibiwa kwa asidi ya ursodeoksikoliki, miligramu 13 hadi 15 kwa kilo. Ule wa mifereji mikubwa bado hauna dawa iliyothibitika kuuzuia. Ini likishindwa kabisa, linabaki jambo la kupandikiza, na kwa wagonjwa wetu wengi hiyo ni safari ya nje ya nchi ambayo familia haiwezi kuilipia.

Tiba huchukua miaka, si chini ya mitatu, na wengi wanaoacha huugua tena. Hapa wauguzi ndio nguzo. Mgonjwa akiona uso umejaa kama mwezi na majirani wanamcheka, huvitupa vidonge. Tumwambie mapema kwamba uso utarudi ulivyokuwa dozi ikishuka, na kwamba kukatiza steroidi ghafla kwenyewe ni hatari.

6. Mapendekezo

Kwanza, karatasi ya majibu ya ini isisainiwe kabla ya kutoa albumini kwenye protini ya jumla. Pili, kila mwenye manjano aulizwe dawa, mitishamba na mirungi. Tatu, mgonjwa wa steroidi awe na kadi inayoeleza dozi na onyo la kutoacha. Nne, duka la dawa la hospitali lihakikishe azathioprini haikatiki.

7. Hitimisho

Mama yule yuko hai. Anameza vidonge viwili kila asubuhi na bado anapika. Lakini ini lake lina makovu, na sehemu ya makovu hayo ni ya ile miezi mitano niliyomwambia apumzike.