Uozo Uliofichika Ndani ya Ganda
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tandahimba)



Korosho njema na korosho mbovu hufanana kwa nje. Ganda laweza kung'aa, kumbe kiini kimeota kuvu, kimeliwa na wadudu au kimesinyaa. Karani anayetazama mdomo wa gunia tu hupokea asichokijua.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Katika mfumo huo korosho za wanachama wengi hukusanywa pamoja na kuuzwa mnadani kwa bei moja. Aliyeanika vema na aliyeokota korosho zilizolala matopeni hulipwa sawasawa. Mlango wa chama ndio mahali pa mwisho ambapo mwenye gunia bovu hujulikana. Korosho zikishachanganywa, kosa la mmoja huwa hasara ya wote.

Basi, ukaguzi ufanywe kabla ya mizani, kwa hatua tatu.

Kwanza, ukavu. Ganda la korosho iliyokauka halibonyei kwa ukucha. Kipimo cha unyevu kisizidi asilimia 10. Korosho mbichi zirudishwe juani siku mbili au tatu, zikigeuzwa mara kwa mara. Mabaki ya bibo yaondolewe kabisa, maana ndiyo yanayoleta kuvu.

Pili, sampuli. Gunia limwagwe juu ya turubai, kwani ubovu hukaa chini na katikati. Korosho zichukuliwe kila upande, zichanganywe, kisha zipimwe kilo moja.

Tatu, kupasua. Kila korosho ya sampuli ipasuliwe kwa urefu. Mpasuaji avae glavu, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza ngozi. Viini vitolewe na kutengwa mafungu matatu: vizuri, vyenye dosari ndogo, na vibovu. Uzito wa vizuri huhesabiwa wote, wenye dosari nusu, na vibovu havihesabiwi.

Kwa mfano, sampuli ikitoa gramu 270 za viini vizuri na gramu 20 vyenye dosari, hesabu ni gramu 280. Ikizidishwa kwa gunia la kilo 80, hupatikana kilo 22.4, yaani ratili 49 na kidogo. Hiki ndicho kipimo ambacho wanunuzi wa korosho hukitumia kupanga bei. Viini vizuri vikipungua gramu 30 tu, kipimo hushuka ratili 5 na zaidi, na bei hushuka nayo.

Matokeo yaandikwe daftarini mbele ya mwenye mzigo, naye aonyeshwe viini vilivyopasuliwa. Akiona kwa macho yake, hatadhani ameonewa.

Ni vigumu kwa karani kumrudishia gunia jirani yake, pengine shemeji au mzee aliyemlea. Lakini akilipokea kwa haya, anawatoza wengine wote gharama ya heshima hiyo bila kuwauliza. Kwa hiyo yafaa mkutano mkuu upitishe mapema, kabla ya mavuno ya Oktoba, kwamba kila gunia litakaguliwa, liwe la mwanachama wa kawaida au la Mwenyekiti. Hapo karani hatakuwa akimkataa mtu. Atakuwa akitekeleza uamuzi wa wanachama.

Samaki mmoja akioza, huoza wote.