Somo la Redio: Neno Leba na Maana Zake

Natumaini mmekwisha rudi kutoka shambani na kila mtu ana kalamu na daftari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili kwa herufi kubwa: L-A-B-O-U-R. Ni neno la Kiingereza. Sisi tulipolikaribisha katika Kiswahili tuliliandika kama tunavyolitamka: leba. Wamarekani huliandika bila ya U, lakini neno ni lile lile.

Kwa nini tujifunze neno hili moja? Sikilizeni. Tuseme mama mmoja ametoka Bugwema kumpeleka mkamwana wake hospitali mjini Musoma. Amefuatana nao kijana wa nyumba hiyo anayetafuta kazi. Kijana anaona juu ya mlango neno LABOUR. Alikwisha liona neno hilo katika karatasi za mambo ya ajira. Anafurahi, anasema, "Kumbe hapa ndipo wanapoandika watu kazi!" Anataka kuingia. Muuguzi anamzuia, maana ndani wamo wanawake wanaojifungua.

Kijana huyu hakukosea herufi hata moja. Alisoma sauti, hakusoma maana. Basi leo tutazitazama maana nne za neno hili.

Maana ya kwanza ni kazi, hasa kazi ya kutumia nguvu. Neno lilitoka katika Kilatini, na huko lilikuwa na maana ya kazi na taabu pamoja. Kulima, kubeba mawe, kuvuta nyavu za samaki, zote ni leba. Tanzania tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Katika jina lake la Kiingereza neno hili limo. Sheria hiyo yasema saa za kawaida za mwajiriwa zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma. Ukiajiriwa, yakumbuke matarakimu hayo.

Maana ya pili ni watu wenyewe wafanyao kazi. Hapa tuwe waangalifu. Zamani za ukoloni wenye mashamba walisema wanahitaji "leba", kama mtu asemavyo anahitaji magunia. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge katika Tanganyika walianzisha ofisi ya kuandika watu, ikaitwa SILABU. Watu walichukuliwa kutoka nchi za mbali, wakapelekwa Tanga na kwingineko kukata mkonge. Kila mmoja alipewa namba yake, na kwa sababu ya namba hiyo wakaitwa manamba. Mtu alikuwa na jina alilopewa na babu yake, lakini shambani aliitwa kwa namba. Mnaona jinsi neno linavyoweza kumshusha mtu. Lakini neno hilo hilo laweza kumwinua. Siku ya Mei Mosi wafanyakazi hutembea kwa maandamano na kudai haki zao. Sikukuu hiyo ina asili yake Marekani, ambako mwaka 1886 wafanyakazi waligoma wakidai kazi ya saa 8 kwa siku. Kwa Kiingereza nayo huitwa siku ya leba.

Maana ya tatu ni jina la chama cha siasa cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1900. Tangu 1945 mpaka 1951 chama hicho ndicho kilichoshika serikali ya Uingereza, na Waziri Mkuu alikuwa Clement Attlee. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Basi ukisoma gazetini kwamba Leba wameshinda uchaguzi, usidhani ni habari za vibarua. Ni habari za chama.

Maana ya nne ndiyo ile ya mlangoni: uchungu wa kuzaa. Ukiambiwa, "Mkeo yuko leba," jua kwamba saa yake ya kujifungua imefika. Wala Waingereza si peke yao kulipa neno moja mizigo mingi. Sisi husema uchungu wa dawa, uchungu wa moyo, na uchungu wa mwana aujuao mzazi.

Sasa tuziunge maana hizi. Sheria niliyoitaja humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na akijifungua watoto zaidi ya mmoja, siku 100. Yaani leba ya uzazi humpumzisha leba ya kazini. Lakini wewe mama wa Bugwema unayelima shamba lako mwenyewe, likizo yako utapewa na nani? Huna mwajiri. Likizo yako i mikononi mwa mumeo, mkweo na majirani, watakaokuchotea maji na kukupalilia mihogo.

Na bado ukiulizwa, "Unafanya kazi gani?" wengi wenu hujibu, "Sina kazi, nalima tu." Jibu hilo si sawa. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi wa mataifa mengi walikutana Geneva, wakakubaliana kwamba kulima chakula cha nyumbani, kuteka maji na kukusanya kuni ni kazi, ingawa hakuna mshahara. Waliitenga kazi na ajira. Ajira ni kazi ya malipo au faida. Kazi ni pana kuliko ajira. Nasi hapa tulikwisha ambiwa mapema. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi sana, pengine saa 12 au 14 kwa siku. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama, si mbali nanyi. Akina mama wa namna hiyo aliwaona tangu utoto wake.

Basi, kabla hamjatawanyika, kila mtu aandike sentensi mbili. Ya kwanza ijibu: Jana nilifanya kazi gani, tangu alfajiri mpaka nilipolala? Ya pili ijibu: Nani katika nyumba yangu alifanya kazi ambayo sikuihesabu? Ninyi akina baba, ya pili msiiruke. Kisha msomeane kwa sauti.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini, mpaka somo lijalo.